Mjomba, Ulijua?

Ramadhani ya mwaka 2025, baada ya tarawehe, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Doha. Alikuwa ametoka zamu ya ulinzi ya saa kumi na mbili, amejilaza kwenye kitanda cha chuma katika chumba wanacholala watu wanane. Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha akanyamaza kidogo. "Mjomba," akasema, "nataka kukuuliza kitu na usinifiche. Ile kazi ilipofungwa, wewe ulijua?"

Nikamjibu: "Wallahi sikujua. Hata mimi nilishtukia tu kama nyinyi."

Nilijua. Nilijua wiki saba kabla. Nikaapa kwa jina la Mungu, ndani ya mwezi mtukufu, ili kijana niliyemshika mkono tangu mdogo asije akaniona nilivyo. Kafara ya kiapo cha uongo inajulikana, nami nimelisha maskini kumi. Lakini kafara haimlipi mtu uliyemdhulumu. Anayedhulumiwa hulipwa kwa kuambiwa ukweli na kurudishiwa chake, na ukweli wenyewe sharti niuanzie mbali, kwa baba yangu.

Baba alikuwa kuli bandarini Kilindini. Alipakia kahawa na chai, akapakua ngano na mbolea, gunia kwa gunia, na bega lake la kulia lilikuwa gumu kama kisigino. Kulabu yake ya chuma ilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu cha Majengo. Nilikuwa darasa la nne alipopunguzwa kazi. Alirudi mchana, akaitundika kulabu, akakaa juu ya mkeka, na hadi magharibi hakusema neno. Hakuwa wa kwanza. Tangu makontena yashike bandari, makuli walikuwa wakipungua mwaka hadi mwaka, maana kontena halihitaji bega la mtu, lahitaji kreni.

Baadaye sana nikiwa mtu mzima nilisoma jambo hili lilikotoka. Mwaka 1956 Mmarekani mmoja aliyekuwa na biashara ya malori, Malcom McLean, alipakia makasha 58 ya chuma melini huko Newark akayapeleka Houston. Baba hakuwahi kumsikia mtu huyo, wala yeye hakuwahi kumsikia baba. Lakini wazo lake lilitembea bandari kwa bandari, na lilipofika Mombasa lilimkuta mzee wangu na kulabu yake.

Nikiwa mtoto nilitoa funzo katika msiba ule, na funzo hilo ndilo mzizi wa kosa langu. Nilijiambia kwamba baba ameangushwa na kazi ya mikono. Nikaapa kwamba mimi nitakula kwa kichwa, na hakuna wa ukoo wetu atakayeinama tena juu ya chuma. Sikujiuliza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuiondoa kazi mikononi mwa baba, yuko wapi, na kwa nini haikumpasa hata kumtazama usoni. Kama ningejiuliza hayo, ningeyaogopa mambo mengine kabisa.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 22, nasomea diploma ya kompyuta. Mwezi wa Juni mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, TEAMS, ukatua hapa Mombasa ukitokea Fujairah, na Julai mwingine, SEACOM, ukawashwa. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kubangaiza. Ruwaza ya mwaka 2030, mpango wa maendeleo wa nchi, ilikuwa imeshatangaza kwamba kuzifanyia makampuni ya ng'ambo kazi zao ni moja ya nguzo za uchumi wa nchi. Niliyasoma hayo magazetini na machozi yakanilengalenga. Pwani ileile iliyomtema baba ndiyo iliyokuwa ikiniletea riziki. Nilikwenda Nairobi na imani hiyo, nikahangaika miaka kadhaa na vikazi vya hapa na pale, hadi mwaka 2017 nikaajiriwa na kampuni moja iliyokuwa ikipokea kazi za ng'ambo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unaletewa picha ya barabara, unachora kisanduku kuzunguka kila gari, kila mtu, kila baiskeli, kila taa, kisha unataja jina lake. Picha hizo hulishwa mashine inayofunzwa kuendesha gari bila dereva. Mji tuliouchorea visanduku hatukuujua. Ulikuwa na theluji juu ya paa za magari, na watu waliovaa makoti mazito hata tukashindwa kutofautisha mtu na mfuko wa taka. Tulilipwa kwa picha, kwa senti za dola. Januari 2023 jarida la Time lilipoandika kwamba Wakenya waliokuwa wakichuja maandishi machafu kwa ajili ya mashine ya ChatGPT walipata chini ya dola 2 kwa saa, nchi ilishtuka. Sisi tuliokuwa ndani hatukushtuka.

Chini ya kila picha palikuwa na nafasi ya kumwandikia mkaguzi maelezo. Siku moja mwaka 2018, nikiwa nimeshafanywa kiongozi wa kikundi, tulipokea mafaili ambayo hayakufutwa vizuri. Maelezo ya waliotutangulia yalikuwa bado yamo, na yalikuwa ya Kihispania. Nilichukua sentensi moja nikaipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Ilisema: huyu si mtu, ni kivuli cha nguzo. Nikaitazama picha. Kweli, ilikuwa nguzo, na kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya theluji mfano wa mtu aliyeanguka. Kuna mtu alikuwa amekaa na picha hii kabla yangu, akaikodolea macho kama ninavyoikodolea, akaandika kwa uaminifu, kisha kazi ikaondolewa kwake ikaletwa kwangu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Wavenezuela wengi, uchumi wao ulipoporomoka, walikimbilia kazi hizihizi. Huenda alikuwa mmoja wao, huenda hakuwa.

Nilifanya nini? Nilifuta maelezo yake nikaandika yaleyale kwa Kiswahili, kwa kuwa mkaguzi wetu alikuwa Mkenya mwenzetu. Jioni nikawaambia vijana wangu kwamba tumepata kazi nyingi mpya, tushukuru. Sikuwaambia zimetoka kwa nani. Moyoni nilijua kitu: kama kazi ile ilimwondokea mtu wa Kihispania bila lori wala meli, siku moja itatuondokea na sisi. Nilikiona, nikakigeuzia uso.

Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, nilikuja likizo Mombasa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Alikuwa amejipeleka mwenyewe kwa fundi simu mmoja karibu na Mwembe Tayari, na kwa mwaka mmoja tu alikuwa ameshika kazi. Nilimkuta ameinama juu ya simu ya mvuvi wa Likoni iliyozama baharini. Alikuwa ameifungua, ameusafisha ubao wake kwa mswaki na spiriti hadi chumvi yote ikatoka, na sasa alikuwa akifuata njia za umeme kwa mita, nukta kwa nukta, kutafuta mahali palipokatika. Alipopapata alishusha chuma cha moto akaweka tone la risasi dogo kuliko punje ya mtama. Akabonyeza, simu ikawaka. Yule mvuvi alicheka kama aliyerudishiwa mtoto, maana namba zote za wanunuzi wake wa samaki zilikuwa humo.

Fundi, mzee mpole wa miaka sitini hivi, aliniambia: "Huyu ana mkono. Mwache akomae." Nami, na viatu vyangu vya Nairobi, nikamjibu: "Fundi, dunia imebadilika. Tunampeleka kusoma." Mzee hakubishana. Alikunja kitambaa chenye bisibisi nne ndogo akampa kijana.

Dada alikuwa na wasiwasi. Hakuwa na fedha za chuo cha kujilipia, na mtoto alikuwa ameshaanza kuleta unga nyumbani. Nikamwambia neno ambalo nikilikumbuka sasa natamani ardhi inimeze: "Unataka awe kama babu yake?"

Alikuwa na bangili nne za dhahabu, alizopewa na mama siku ya harusi yake. Tulikwenda pamoja kwa sonara, Mji wa Kale. Tatu zilitoka bila shida. Ya nne ilikataa, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umenenepa tangu ujana. Sonara akamletea beseni la maji na kipande cha sabuni, na dada akaisugua polepole, bila kunitazama, mpaka ikapita kifundo na kuacha alama nyekundu. Mizani ilisema gramu 40 na kitu. Tulilipwa shilingi 130,000, nikazihesabu mimi.

Kijana akaingia chuo kikuu Nairobi, digrii ya teknolojia ya habari. Alisoma vizuri, ingawa mwaka 2020 maradhi ya korona yaliwarudisha nyumbani miezi mingi. Mwaka 2022 nilimwingiza katika kazi yetu ya visanduku ili ajilipie karo iliyobaki. Na hapa pana jambo ambalo sijawahi kulitaja mbele ya ndugu zangu: kwa kila niliyemleta akadumu miezi mitatu, nililipwa nyongeza. Nilileta kumi na saba. Mpwa wangu alikuwa mmoja wa hao, na fedha yake niliipokea.

Januari 2024 tuliitwa viongozi wa vikundi, tukaambiwa kwamba mwisho wa Machi mteja hatachukua tena wafanyakazi kutoka Kenya. Tuliagizwa tusiseme, ili kazi iliyobaki imalizike bila fujo, na atakayetunza siri atafikiriwa kwa mradi mwingine. Wiki iliyofuata mpwa wangu, ambaye alikuwa ameshamaliza masomo, akaniuliza: "Mjomba, laptopu yangu inakwama sana. Nichukue mkopo ninunue nyingine?" Nikimwambia asichukue, angeuliza kwa nini. Basi nikamwambia achukue. Nikatia sahihi yangu kuwa mdhamini.

Asubuhi moja ya Machi akaunti zao zikafunguka kwenye ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: huduma hii haipatikani tena katika nchi yako. Mpwa wangu hakuelewa mara moja. Alidhani bando limekwisha. Alivaa viatu, akateremka dukani, akanunua bando jingine.

Huo mradi niliofichia siri haukuja, na kabla ya mwaka kwisha na mimi nilikuwa nje. Sisemi hayo ili nihurumiwe. Nataka ijulikane tu kwamba niliuza uaminifu wangu kwa ahadi ya watu walewale ambao nilikuwa nimeshaona, katika maelezo ya Kihispania, jinsi wanavyoachana na mtu.

Novemba 2024 mpwa wangu alipanda ndege kwenda Qatar kuwa mlinzi wa jengo. Shahada yake imo kabatini kwa dada, ndani ya bahasha. Vilivyosafiri naye ni nguo, msahafu, na zile bisibisi nne. Wiki ya pili tu, Mnepali wa kitanda cha juu aliangusha simu kioo kikavunjika. Akamtengenezea. Habari zikaenea ghorofa nzima, na sasa Waganda, Wabangladeshi na Wakenya wanapanga foleni mlangoni kwake usiku, maana mtu aliye mbali na wanawe hana mali kubwa kuliko simu yake. Fedha ya simu ndiyo iliyokuwa ikilipa mkopo wa laptopu.

Mikono niliyoidharau ndiyo inayomlisha. Siwezi kulipita jambo hilo haraka, nami nimelikalia miezi mingi. Kumwambia asome hakukuwa kosa. Kosa langu ni kumwambia aache. Nilimpa kuchagua kati ya kichwa na mkono, kana kwamba ni vya watu wawili, wakati kijana aliyeweza kuufuata umeme nukta kwa nukta ndani ya ubao wa simu alikuwa ameshaianza kompyuta kwa mlango wake wa kweli. Angeisomea palepale alipo, jioni, kidogo kidogo, na leo angekuwa na duka, na digrii, na mama yake karibu.

Sasa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo hapa Mombasa, na kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, yakitoka wazazi huniuliza: mtoto asomee IT? Siwakatazi. Nchi inawahitaji watu hao, na dunia pia: Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa kikazi unaowapa nafasi hata wataalamu wa IT wenye ujuzi lakini wasio na vyeti rasmi. Lakini mwaka uliofuata, mwezi uleule wa Septemba, Marekani iliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B, viza iliyokuwa imewapokea maelfu kwa maelfu ya waandishi wa programu kutoka India na kwingineko. Mlango mmoja ulifunguliwa, mwingine ukatiwa kufuli, na hakuna aliyemwuliza mwanafunzi aliye darasani. Na mashine tulizozifunza kwa visanduku sasa zinajichorea nyingi ya picha hizo zenyewe.

Kwa hiyo nawaambia wazazi kwanza waulize maswali ambayo mimi sikuuliza. Nani anaweza kuifunga kazi hii, akiwa wapi, na kwa ilani ya siku ngapi? Ikifungwa, mtoto atabaki na ufundi gani ambao jirani yake ataulipia kesho yake? Na hii kazi, kabla ya kuja kwetu, ilikuwa kwa nani? Hilo la tatu huwashangaza. Lakini mwenye kujua ilikotoka kazi yake hujua pia jinsi itakavyoondoka, na hujiandaa. Kijana anayejua kuandika programu ya hesabu za chama cha akiba cha mtaa wake, au kutengeneza mitambo ya zahanati inapozima usiku, anaweza kuhama akipenda. Atahama na kitu mkononi, na akirudi atakuta anahitajiwa.

Nimeanza kulipa. Mwaka 2018 wakia moja ya dhahabu ilikuwa kama dola 1,300. Mwaka 2025 ilivuka 3,000, na shilingi yetu nayo imeshuka, kwa hiyo bangili ya kwanza niliyoinunua ilinigharimu karibu bei tuliyouzia zote nne. Ni haki yangu kulipa hivyo. Idi iliyopita nilimpelekea dada bangili hiyo, imefungwa kwenye kitambaa. Alifurahi hata akalia. Nilimwacha afurahi bila kumweleza chochote.

Wiki iliyopita nikampigia mpwa wangu. Nikamwambia: "Ulipouliza kama nilijua, nilikudanganya. Nilijua tangu Januari. Ule mkopo nilikuacha uuchukue nikijua. Na siku nilipokuingiza kazini nililipwa kwa ajili yako. Nimekukosea, naomba radhi." Alikaa kimya kwa muda. Nilisikia kitu kidogo cha chuma kikiwekwa juu ya bati. Kisha akasema: "Mkopo niliumaliza mwezi uliopita." Na baadaye: "Mama umemwambia?"

Kesho yake alasiri nilikwenda kwa dada. Nilimweleza yote, kuanzia kulabu ya baba na jinsi nilivyoisoma vibaya, hadi wiki zile saba. Alinisikiliza huku akiizungusha ile bangili mkononi. Nilipomaliza aliivua, akaiweka juu ya meza baina yetu, akaitazama.

"Hii nilidhani ni zawadi," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Nje muadhini aliadhini magharibi, naye akangoja hadi mwisho. Kisha akaichukua, akaivaa tena, akasimama kwenda kutia udhu.

"Basi ni deni," akasema. "Zimebaki tatu."